Ulevi unavuka Ruzizi, kinga imekwama mpakani

Nchi za Maziwa Makuu zimeweza kugawana umeme wa mto na kalenda ya uvuvi wa ziwa. Kijana wa Katogota aliyeanza kuvuta bangi bado anasubiri zamu yake.

Basi dogo linalotoka Uvira kwenda Bukavu hupita Katogota, kijiji cha bonde la Ruzizi kilichojipanga kandokando ya barabara ya taifa namba 5, kisha hufika Kamanyola. Hapo dereva ana njia mbili. Ya kwanza ni kupanda mlima kwa njia ya Ngomo, nyembamba, iliyochongwa ubavuni mwa mlima na yenye kutisha kila mvua inyeshapo. Ya pili ni kuvuka mpaka na kuingia Bugarama, kufuata lami ya Rwanda hadi Rusizi, na kurudi Kongo mlangoni mwa Bukavu. Siku za amani, abiria wengi huchagua lami.

Kama ndani ya mzigo wa abiria mmoja kuna chupa ya lutuku, chupa hiyo hubadilika jina na hatia mara mbili kabla ya jua kuchwa. Kule Katogota ni pombe ya kienyeji tu. Kule Bugarama inaitwa kanyanga, na Rwanda imeiorodhesha miongoni mwa dawa za kulevya. Ikifika Bukavu inarudi kuwa pombe. Kwa bangi pengo ni kubwa zaidi. Kongo imeipiga marufuku, ila mara nyingi mambo huishia kando ya barabara, kati ya muuzaji na askari. Nchini Rwanda, kwa sheria ya mwaka 2018, anayeifanyia biashara anaweza kufungwa maisha.

Mashariki mwa kijiji ni mto Ruzizi, na ng'ambo yake ni Burundi. Ukishuka kusini unakuta ziwa Tanganyika, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 670, na maboti yanayotoka bandari ya Kalundu kuelekea Kalemie na Kigoma. Kijana wa Katogota, basi, amezaliwa kwenye kona ya sheria tatu, na ya nne inafikika kwa maji. Wauzaji wa vilevi wanaijua kona hiyo kuliko mtu yeyote. Wanajua bidhaa ipi ina bei upande gani, wanajua njia za panya na saa za askari kubadilishana zamu. Wanaotaka kuwakinga vijana, kwa upande wao, bado wanafanya kazi kana kwamba dunia inaishia ukingoni mwa mto.

Vilevi vya bondeni

Cha kwanza ni bangi. Haihitaji kiwanda wala meli. Hulimwa milimani, husafiri ndani ya gunia la muhogo, na huuzwa kwa msokoto. Katika hilo, bonde la Ruzizi haliko peke yake. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2025 ilikadiria kwamba watu milioni 316 duniani walitumia dawa za kulevya mwaka 2023, na milioni 244 kati yao walitumia bangi. Tofauti ni mahali inapompata mtumiaji. Kijana wa mji tajiri akiharibikiwa ana daktari na mshauri karibu. Kijana wa Katogota ana kituo cha afya chenye kazi za malaria, uzazi na kipindupindu, na muuguzi ambaye huenda hakufundishwa chochote kuhusu uraibu.

Cha pili ni pombe kali, na hii ndiyo inayosahaulika kwa kuwa ni halali. Wazee walikunywa kasiksi ya ndizi kwenye harusi na matanga, na kikombe kilikuwa na adabu yake: nani aanze, nani asubiri, nani asiguse kabisa. Siku hizi kuna lutuku inayopikwa kwa muhogo au mahindi, na kuna vile vichupa vya plastiki vya pombe ya viwandani, vidogo kiasi cha kuingia mfuko wa sare ya shule. Kichupa hakina mzee wa kukigawa. Mtoto hukinunua peke yake na kukinywa peke yake.

Cha tatu ni vidonge. Depo za dawa zimeenea kando ya barabara kutoka Kamanyola hadi Uvira, na nyingi hazina mfamasia. Dawa ya maumivu makali au ya usingizi, ambayo ingepaswa kutoka kwa karatasi ya daktari, huweza kuuzwa kidonge kimoja kimoja kwa yeyote mwenye franka. Dereva wa pikipiki anayeendesha tangu alfajiri hadi usiku humeza ili asisikie mgongo. Baada ya muda, humeza kwa sababu hawezi kuacha.

Cha nne bado kinabisha hodi. Bujumbura, mji ulio chini ya kilomita 30 kutoka Uvira, umesumbuliwa katika miaka ya karibuni na kitu kinachoitwa boost, unga wa heroini uliochanganywa na vitu vingine. Heroini hiyo haikuzaliwa Burundi. Kwa miaka mingi unga wa Afghanistan umeshushwa kwa majahazi kutoka pwani ya Makran hadi Kenya, Tanzania na Msumbiji, ukiwa safarini kuelekea masoko ya Ulaya na kwingineko. Palipo na njia, hubaki mabaki: vibarua wa mwisho wa mnyororo hulipwa kwa unga badala ya fedha, nao hulazimika kuuza mtaani kwao. Ndivyo Mombasa, Malindi, Zanzibar na Dar es Salaam zilivyopata waraibu wao, na ndivyo unga ulivyofika mpaka kwenye ziwa lililo mbali na bahari. Kinshasa nayo ilitikiswa mwaka 2021 na bombé, mchanganyiko uliohusisha unga wa vichujio vya moshi vilivyoibwa kwenye magari. Somo ni moja: kilevi kipya hakingoji sheria mpya.

Vita havikuacha nyumba salama

Haiwezekani kuzungumzia ulevi wa vijana wa bonde hili bila kutaja walichopitia wao na wazazi wao. Mwezi Oktoba 1996 muungano wa waasi wa AFDL ulitangazwa Lemera, katika milima iliyo juu ya bonde, na watoto wengi wakaingizwa jeshini. Dunia nzima ilijifunza kuwaita kadogo. Watoto waliowahi kuishi katika makambi ya vita vya Kongo wamesimulia mara nyingi jinsi walivyopewa bangi ili woga uwatoke. Tarehe 14 Mei 2000 makumi ya raia waliuawa Katogota yenyewe, mauaji ambayo baadaye yaliingizwa katika ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 kuhusu uhalifu uliofanyika Kongo. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa ni mtu mzima, pengine mwenye watoto. Desemba 2025 vita vilishuka tena bondeni: wapiganaji wa M23 walipita Luvungi na Sange na kuingia Uvira, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia Burundi.

Vita huleta ulevi kwa njia tatu. Kwanza huacha majeraha ya moyo yasiyo na daktari, na kilevi ndicho dawa iliyo karibu. Pili hujaza barabara vizuizi na makundi yenye silaha, na mahali ambapo vijana hukesha na bunduki bila mshahara, bangi na lutuku hufika upesi. Tatu huvunja ratiba ya mtoto. Shule ikifungwa, shamba likiwa upande usiofikika na soko la Luvungi likilala, siku inakuwa ndefu mno.

Hata pasipo vita, ratiba hiyo ina mashimo. Serikali ya Kongo ilianzisha elimu ya msingi bila malipo mwezi Septemba 2019, na hilo lilirudisha watoto wengi darasani. Lakini sekondari bado inalipiwa. Kijana wa miaka 13 au 14 aliyeshindwa karo hushuka barabarani akawa kondakta, mbeba mizigo, muuza petroli wa chupa au mchunga ng'ombe wa mtu mwingine. Ni umri uleule ambao wataalamu wanauogopa zaidi, kwa sababu ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na anayeanza mapema ana hatari kubwa zaidi ya kunaswa. Kwa baadhi yao bangi huamsha ugonjwa wa akili: kusikia sauti, kudhani kila mtu anawawinda. Nyumbani husemwa amerogwa. Familia huuza mbuzi, huenda chumba cha maombi, kisha kwa mganga, na miezi inapita kabla ya mtu kutamka neno hospitali.

Mikataba ipo, tena mingi

Mtu akidhani nchi hizi hazijawahi kukaa mezani atakuwa anazionea. Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, ina itifaki ya kupambana na dawa haramu tangu 1996, na Kongo na Tanzania zote ni wanachama. Tarehe 13 Januari 2001 mjini Arusha, Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini itifaki ya kupambana na biashara ya dawa za kulevya katika Afrika Mashariki. Rwanda na Burundi ziliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga tarehe 8 Aprili 2022 na ikawa mwanachama kamili Julai mwaka huohuo. Mkataba wenyewe wa Jumuiya, katika kifungu cha 118 kinachohusu afya, unazitaka nchi ziwe na msimamo mmoja wa kuwaelimisha wananchi na vyombo vya dola ili kutokomeza biashara na matumizi ya dawa haramu. Wakuu wa polisi wa ukanda huu nao wana umoja wao, EAPCCO, tangu 1998.

Ukizisoma karatasi hizo utaona zinamtafuta nani. Zinamtafuta msafirishaji. Zinaeleza jinsi ya kubadilishana taarifa za upelelezi, kumrudisha mtuhumiwa kwao na kutaifisha mali yake. Kazi hiyo ni ya lazima. Lakini msafirishaji mkubwa hapiti Katogota kwa miguu. Anayepita ni kijana aliyelipwa abebe kifurushi asichokijua thamani. Akikamatwa yeye, mnyororo hupata kijana mwingine kesho yake. Wapelelezi wa nchi hizi wana mahali pa kukutana. Muuguzi wa Luvungi na mwenzake wa Cibitoke nchini Burundi, mwalimu wa Kamanyola na mwenzake wa Bugarama, hawana.

Na mahali ambapo serikali zimegombana, hata hicho kidogo hukatika. Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda Januari 2024. Mpaka ukifungwa, anayeumia ni mama wa nyanya na mgonjwa wa kliniki. Mwenye bangi hutumia mtumbwi kama jana.

Majirani wamejifunza nini

Kila nchi ya ukanda huu ina jambo la kufundisha, na kila moja ina kosa la kuepuka.

Tanzania iliamua mapema kwamba mraibu ni mgonjwa. Februari 2011 hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa dawa ya methadoni bure kwa watumiaji wa heroini, miongoni mwa huduma za kwanza za aina hiyo katika Afrika kusini mwa Sahara. Mgonjwa hunywa kipimo chake kila siku mbele ya muuguzi, arosto ya kukosa unga inapoa, na polepole anarudi kwenye kazi na familia. Huduma hiyo ilienea Zanzibar, Mbeya, Mwanza, Dodoma na Tanga. Sambamba nayo zilikua nyumba za upataji nafuu, nyingi zikiendeshwa na watu waliowahi kutumia wenyewe. Mwaka 2017 nchi hiyo ilifanya mambo mawili makubwa: mamlaka ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya ilianza kazi ikiwa na nguvu za kukamata na kuchunguza, na kuanzia tarehe 1 Machi pombe ya viroba ilipigwa marufuku. Uganda ilifuata kwa kuzuia pombe ya paketi mwaka 2019.

Hapo ndipo ujirani unapohitajika. Nchi moja ikifunga kiwanda cha viroba, mwenye mashine hutafuta soko lenye sheria legevu. Marufuku ya upande mmoja huwa neema kwa upande wa pili wa mpaka, isipokuwa majirani wafunge kwa pamoja.

Rwanda imechagua mkono mzito na ratiba kali. Tangu 2010 vijana wa kiume wanaookotwa mitaani, wengi wao watumiaji wa bangi na kanyanga, hupelekwa kisiwa cha Iwawa katika ziwa Kivu, hufundishwa useremala, ujenzi, ushonaji na kilimo, kisha hurudishwa makwao. Ufundi huo ni jambo jema, na wapo waliotoka na maisha mapya. Hata hivyo mashirika ya haki za binadamu yamelalamika kwa miaka mingi kuhusu vijana kuzuiliwa bila kupita mahakamani. Lipo pia swali la anayerudi: akikuta kijiwe kilekile na njaa ileile, ufundi wake hudumu muda gani? Kongo ikiiga karakana za Iwawa itapata faida. Ikiiga msako, itajaza magereza ambayo tayari yamefurika.

Burundi inafundisha kwa uchungu. Boost iliingia mtaani kabla ya huduma kuwa tayari, na vikundi vya waliowahi kutumia na wahudumu wachache wa Bujumbura ndivyo vilivyobeba mzigo wa kwanza. Uvira inapaswa kulitazama hilo kwa makini, kwani jirani akinyolewa, zako tia maji. Kwa upande wa Kongo upo mpango wa taifa wa kupambana na uraibu chini ya wizara ya afya, wenye makao Kinshasa. Kati ya Kinshasa na Katogota hakuna barabara ya kuunganisha moja kwa moja, na bajeti nayo haijapata njia.

Kinga si hotuba ya siku moja

Kila tarehe 26 Juni, siku ya kupinga dawa za kulevya iliyotengwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1987, miji ya ukanda huu huandaa maandamano, fulana, ngoma na hotuba. Afisa husimama mbele ya wanafunzi na kuwaonyesha picha za mapafu meusi. Kisha kila mtu hurudi nyumbani.

Shirika la Afya Duniani na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu wametoa viwango vya kimataifa vya kinga, toleo la pili likiwa la mwaka 2018, baada ya kupitia tafiti za nchi nyingi. Matokeo yake yanapaswa kuwashtua waandaaji wa sherehe. Kutisha vijana hakuzuii matumizi. Hotuba ya mara moja haizuii. Ushuhuda wa aliyeacha, ukisimama peke yake, hauzuii. Wakati mwingine huamsha hamu ya kujaribu. Kinachofanya kazi ni vipindi vya mfululizo darasani, kati ya 10 na 15, vinavyoendeshwa na mwalimu aliyefundishwa, ambamo mtoto anajizoeza kukataa, kutuliza hasira, kusoma nia ya rafiki na kuomba msaada. Kinachofanya kazi ni kumsaidia mzazi awe karibu na mwanawe bila kumpiga. Na kinachofanya kazi pia ni mtoto kubaki shuleni.

Mfano unaotajwa sana ni Iceland. Mwaka 1998 asilimia 42 ya vijana wake wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa ndani ya mwezi uliopita. Kufikia 2016 walikuwa asilimia 5. Waliowahi kujaribu bangi walishuka kutoka asilimia 17 hadi 7. Hawakufanya hivyo kwa kujenga magereza. Waliwauliza vijana wenyewe kila mwaka wanaishije, wakafadhili michezo na muziki baada ya masomo, wakawakutanisha wazazi wa shule moja wakubaliane saa ya watoto kuwa nyumbani, na wakazuia pombe isiuzwe kwa wadogo. Iceland ni tajiri na haina vita, kweli. Lakini katika hayo manne, mawili hayahitaji utajiri: kuwauliza vijana, na wazazi kukubaliana. Bondeni Ruzizi wazazi wa kijiji kimoja walikuwa na haki ya kumuonya mtoto wa yeyote. Haki hiyo imedhoofika kwa kuhamahama, kwa hofu ya bunduki na kwa watu kutofahamiana tena. Inaweza kurudishwa kwa mkutano wa shule.

Yaliyokwisha kuwezekana

Wako watakaosema kwamba nchi hizi haziaminiani, na kwamba kuzungumzia ushirikiano wakati wa vita ni ndoto. Wasimame Kamanyola watazame mto unakotoka. Juu yake kuna bwawa la Ruzizi II, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1989, la takriban megawati 44. Linaendeshwa na SINELAC, kampuni ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi iliyoundwa 1983. Tangu hapo yamepita mauaji ya kimbari ya 1994, vita vya 1996 na 1998, na migogoro isiyohesabika, na bado kampuni ni ya nchi zote tatu.

Wakitoka hapo washuke ziwani. Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zilipoona dagaa na mikeke wanapungua, zilikubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Tanzania ilianza kutekeleza mwaka 2024. Mvuvi wa Uvira na wa Kigoma sasa wanatundika nyavu kwa kalenda moja. Ndani ya miezi hiyo mitatu maelfu ya vijana wa mwaloni hukaa bila kazi, na hakuna aliyefikiri kuweka katika kalenda hiyohiyo mafunzo yao. Samaki amepata mapumziko yaliyopangwa. Mvuvi kijana amepewa mapumziko yasiyo na mpango.

Wafike hospitalini pia. Shirika la Kikatoliki la Frères de la Charité, lililoanzishwa Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807, linaendesha hospitali ya wagonjwa wa akili ya Ndera nchini Rwanda, kituo cha Kamenge mjini Bujumbura na kituo cha SOSAME mjini Bukavu. Vyote vitatu hupokea waathirika wa vilevi. Vyote vitatu vina wakuu wanaozungumza lugha moja ya kazi na wenye desturi moja ya tiba. Huo ni ushirikiano wa kikanda uliopo tayari, ambao hakuna waziri aliyehitaji kukata utepe wake.

Mambo manne ya kuanzia

La kwanza ni pombe. Mikoa ya mpakani ya nchi nne inaweza kukubaliana juu ya kanuni moja: hakuna kichupa cha pombe kali chini ya ujazo fulani, hakuna pombe isiyo na jina la mtengenezaji, hakuna kuuza kwa mtoto. Forodha za Kavimvira, Ruhwa, Bugarama na Kalundu ndizo zitakazopima kama kanuni ina meno.

La pili ni tiba inayovuka mpaka. Mgonjwa aliyeanza dawa Bujumbura akarudi Uvira anapaswa kuwa na karatasi inayotambuliwa na muuguzi wa Uvira. Methadoni hunywewa kila siku. Mpaka ukifungwa siku tatu, mgonjwa anarudi kwenye unga. Misafara ya misaada hupewa ruhusa ya kuvuka hata wakati wa vita, na dawa za uraibu zinastahili kuwekwa katika mzigo huo. Wakimbizi wasisahauliwe: vijana wa Kongo walioko Nyarugusu mkoani Kigoma na Warundi walioko Lusenda wilayani Fizi wana uhitaji uleule.

La tatu ni darasa moja. Kiswahili kinasikika Uvira, Bujumbura, Kigoma na Rusizi. Kifuliiru, Kirundi na Kinyarwanda si lugha zinazopishana mbali. Vipindi vya kinga vilivyoandikwa mara moja vinaweza kufundishwa pande zote, na redio za jamii zikavirudia jioni kwa wasiofika shuleni. Wamotari, wavuvi na kina mama wa soko wawemo, kwa kuwa wao ndio wanaomuona kijana kabla ya polisi.

La nne ni kuacha kumfunga mtumiaji. Kijana aliyelala gerezani Uvira miezi sita kwa msokoto mmoja hutoka akijua wauzaji kumi. Shefu wa kijiji, nyumbakumi, mchungaji, shehe na muuguzi wapewe njia ya kumpeleka kwenye ushauri kabla ya kumpeleka kwa hakimu. Nguvu za polisi zibaki kwa wenye maghala.

Hakuna kati ya haya linalohitaji mkutano mpya wa marais. Magavana wa mikoa ya mpakani, waganga wakuu wa wilaya na wakuu wa shule wanaweza kuyaanza ndani ya mwaka mmoja, wakitumia vifungu ambavyo serikali zao zimekwisha kuvitia saini. Wazazi wa Katogota, nao, wasisubiri magavana: mkutano wa shule wa muhula ujao unatosha kuamua saa ya watoto kuwa nyumbani, na ni duka gani la kijiji litakaloacha kuwauzia vichupa.